Sakafu ya mbao iliyopakwa vanishi kiwandani imefifia: nipige msasa au nipake polishi?

Mama wa Najjera (mwuliza swali)

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba ushauri wenu kabla sijamkabidhi fundi nyumba yangu.

Tulihamia Najjera, kando ya Kampala, miaka mitatu iliyopita, katika nyumba ambayo sebule na vyumba viwili vya kulala vimetandikwa mbao za mwaloni zilizoagizwa kutoka nje zikiwa zimekwisha kupakwa vanishi kiwandani. Mafundi walizipanga, wakazigonga zikashikana, na jioni ya siku ile ile tukaingiza viti. Wakati huo sakafu ilikuwa na mng'ao wa kiasi, tena ukipitisha soksi ulihisi ulaini wa kweli. Leo imefunikwa na kitu kama ukungu, mtu akitembea peku nyayo zake zinabaki zinaonekana, na njia ya kutoka mlango mkubwa hadi jikoni imeweka mistari myeusi kwenye maungio ya mbao. Kibaya zaidi, karibu na mlango wa roshani mbao kama sita zimeinuka kingo na kubonyea katikati, hata ukipitisha kiganja unahisi mawimbi madogo.

Nitasema kweli ili mnisaidie. Binti anayenisaidia kazi hudeki kila asubuhi kwa ndoo ya maji na sabuni ya unga, kama anavyodeki vigae vya jikoni, na mimi sikumkataza kwa sababu nilidhani usafi ni huo. Mwaka jana nilipoona sakafu imeanza kufifia, nilinunua polishi ya kopo tukaipaka mara tatu au nne hivi. Kila mara iling'aa kwa wiki moja, kisha ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa. Fundi wa kwanza aliyekuja kuangalia anasema vanishi imekwisha, kwa hiyo sakafu yote ipigwe msasa na kupakwa upya. Wa pili anasema nitafute polishi nzito zaidi. Ni yupi kati yao mwenye haki?

Fundi Sakafu, Ndeeba

Mama, pole. Kwa maelezo yako hakuna mwenye haki kati yao, na tafadhali usimruhusu mtu awashe mashine ya msasa humo ndani kabla hujajua mambo mawili: kama vanishi imekwisha kweli au imefunikwa tu, na kama mbao zako ni ngumu tupu kutoka juu hadi chini au ni gamba la mwaloni lililogundishwa juu ya plaiwudi.

Vanishi ya kiwandani si ile tunayopaka kwa brashi huku Ndeeba. Mbao hupitishwa kwenye mashine, zikapakwa tabaka kadhaa nyembamba za poliyurethani (aina ya plastiki), na kila tabaka hukaushwa papo hapo kwa taa za miale ya urujuanimno. Mara nyingi ndani ya tabaka hizo huchanganywa chembe za oksidi ya alumini, madini yale yale yanayotengenezewa karatasi ya msasa. Nyayo za familia moja kwa miaka mitatu haziwezi kuimaliza kirahisi vanishi ya namna hiyo, na ndiyo maana nashuku kwamba ingali nzima chini ya sabuni na polishi mliyoipaka wenyewe kwa nia njema.

Lakini ina udhaifu mmoja ambao wauzaji hawapendi kuutaja. Sakafu inayopakwa vanishi baada ya kutandikwa hupata tabaka linalopita juu ya maungio yote na kuyaziba kwa kiasi fulani. Ya kwako ilipakwa ubao mmoja mmoja. Uso wa kila ubao umefungwa, ila ubavuni, pale ulimi wa ubao unapoingia katika mfuo wa jirani yake, mbao iko wazi. Ndoo ya maji ikipita kila asubuhi, maji hayaingii kwa juu, huingia kwa ubavu. Tena kingo za mbao hizi kwa kawaida huchongwa mshazari kidogo, kwa hiyo kila maungio ni kijifereji, na kijifereji hicho hukusanya maji machafu ya kudeki pamoja na vumbi letu jekundu. Mistari myeusi unayoiona njia ya jikoni ni hiyo.

Fanya majaribio matatu kabla ya kumlipa mtu yeyote. La kwanza, dondosha tone la maji mahali panapokanyagwa sana, uliache dakika tano hadi kumi. Likibaki limejiviringa juu, vanishi ipo. Likizama na mbao ikawa nyeusi, vanishi imekwisha mahali hapo. La pili, chovya pembe ya kitambaa cheupe cha pamba katika waiti spiriti (kiyeyushi chepesi cha rangi za mafuta), usugue sehemu iliyojificha nyuma ya kabati. Kitambaa kikitoka na rangi ya manjano au kahawia, una nta. Usitumie thina, kwa sababu thina ni kali na inaweza kuharibu mahali palipo pazima. La tatu, mwambie fundi abandue kipande kifupi cha skatingi (ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta), utazame ukingo wa ubao. Ukiona nyuzi moja kutoka juu hadi chini, ni mbao tupu, na mara nyingi huwa na unene wa milimita 19. Ukiona tabaka tabaka, ni gamba juu ya plaiwudi, na unapaswa kupima gamba hilo, maana kuna mengine yasiyofika hata milimita 2.

Nakwambia upime kwa sababu ya vile vijifereji. Anayepiga msasa sakafu ya aina hii lazima ateremke hadi chini ya mshazari wa kingo, la sivyo fereji zitabaki na rangi ya zamani huku nyuso zikiwa mpya. Kwenye gamba jembamba, fundi aliyezoea mvule ya kienyeji hutoboa hadi plaiwudi kabla hajajua amefanya nini. Na kama polishi yako ina nta, hata vanishi mpya ikipakwa juu haitashika. Itajikunja kama maji juu ya jani la jimbi.

Hizo mbao sita zilizoinuka kingo zimekunywa maji upande wa chini kuliko upande wa juu, ndiyo maana zimejipinda kama kigae cha paa kilichogeuzwa. Tafuta maji yanatoka wapi, uyazuie, kisha uziache zikauke zenyewe. Ukizipiga msasa sasa zikawa sawa, zitakapokauka kingo zitashuka na katikati itabaki kama kichuguu, na hapo hakuna dawa ila kuzing'oa.

Mkazi wa Entebbe

Dada wa Najjera, namuunga mkono Fundi, na naongeza ya nyumbani kwa sababu nimeyapitia. Mimi nilikuwa na bidii mbaya kuliko yako: nilimwomba ndugu yangu aliye Uingereza aniletee ile mashine ya kudeki kwa mvuke, nikaitumia miezi miwili nikijisifu kwamba situmii sabuni. Mvuke ni maji yenye joto na nguvu ya kupenya. Maungio ya mbao za dirishani yaliweka weupe kama maziwa, na nilipotoa kile kijitabu cha mbao kabatini nikakuta kimeandikwa wazi kwamba mvuke unafuta dhamana. Mashine hiyo sasa inasafisha vigae vya bafuni.

Ninachofanya siku hizi ni kidogo kuliko unavyofikiri. Kila siku nafagia kwa fagio la nywele laini, kwa sababu fagio la chelewa hukwaruza, na umeme ukiwepo navuta vumbi kwa mashine ambayo burashi yake ya kuzunguka nimeizima. Mchanga ndio adui wa kila siku. Punje moja chini ya soli hufanya kazi ya msasa, na sisi tuna bahati kwamba katika nyumba za huku mgeni huvua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo ambalo linailinda sakafu kuliko polishi zote za dukani. Mara moja kwa wiki napitisha mopu bapa ya maikrofaiba iliyonyunyiziwa maji kidogo na sabuni maalumu ya sakafu za mbao, ile isiyo ya tindikali wala ya magadi. Kipimo changu cha unyevu ni hiki: baada ya kupitisha mopu, sakafu inapaswa kukauka yenyewe kabla sijahesabu hadi sitini. Ikichelewa, mopu ilikuwa na maji mengi.

Siki usiitumie, hata kama jirani anakuapia, kwa sababu ni tindikali nayo hufifisha vanishi polepole. Jiki na dawa zenye amonia ni vivyo hivyo.

Kuhusu mikeka, najua wengi tunaipenda sebuleni. Mkeka wa ukindu hauna madhara na unapitisha hewa, ila mchanga hupenya katikati ya ususi wake na kusaga mbao kwa chini bila mtu kuona, kwa hiyo uinue na kuukung'uta kila baada ya siku mbili tatu. Mazulia yenye mgongo wa mpira ndiyo ya kuogopa, kwani mpira hubana unyevu na aina nyingine huacha doa la manjano lisilofutika. Chini ya miguu ya viti bandika felti, na uikague, maana felti iliyojaa mchanga ni afadhali isingekuwepo.

Jambo moja la Kiganda zaidi: usimenye matoke juu ya sakafu hiyo, hata kwa kutandika gazeti. Utomvu ukiingia kwenye fereji unageuka mweusi, nami nimeshindwa kuutoa hadi leo.

Mzee wa Jinja

Nimesoma maneno ya vijana hawa kwa makini, lakini naomba niseme ninalolijua. Nyumba ninayoishi ina sakafu ya vipande vifupi vya mvule, ile tunayoiita pakei, iliyotandikwa kabla sijazaa mtoto wangu wa kwanza, na leo nina wajukuu. Tangu siku hiyo tumeipaka nta kila mwezi na kuisugua kwa tambara la blanketi. Mama yake watoto, ambaye alilelewa Mombasa, alikuwa akitumia kumbi la nazi lililokatwa nusu, akilikanyaga kwa mguu mmoja na kwenda nalo mbele na nyuma mpaka sakafu ikamwonesha uso wake. Haijawahi kupinda wala kufifia. Kwa nini nta iliyofaa kwa mvule yangu iwe sumu kwa mwaloni wa huyu binti?

Fundi Sakafu, Ndeeba

Mzee wangu, shikamoo. Kwa sakafu yako wewe ndiye mwenye haki, nami singekushauri ubadilishe chochote. Tofauti ni kwamba pakei yako haikuwahi kuvikwa plastiki. Nta yako huzama ndani ya vinyweleo vya mvule, huishi humo, ikichakaa unaongeza nyingine, na siku ukitaka unaikwangua yote na kuanza upya. Mwaloni wa mama huyu umefunikwa na tabaka gumu lisilonyonya kitu. Nta haina pa kuzama, kwa hiyo inabaki juu kama mafuta kwenye sahani, inashika vumbi, inashika nyayo, na inamfungia mwenye nyumba mlango wa kupaka vanishi mpya baadaye. Mvule pia ina mafuta yake ya asili yanayoisaidia kustahimili maji na wadudu, wakati mwaloni una tanini nyingi (kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao), na tanini ikikutana na maji pamoja na chuma, kama msumari au waya wa chuma wa kusugulia sufuria, inafanya doa jeusi kama wino. Kwa sababu hiyo waya wa chuma usiingie kabisa katika sebule ya Najjera.

Na kuna suala la hewa. Mbao hizi hupakiwa kiwandani zikiwa na unyevu wa ndani wa asilimia 6 hadi 9 hivi, kiwango kinacholingana na nyumba yenye unyevu wa hewa wa asilimia 50 au chini yake. Hewa ikifika asilimia 80 na kukaa hapo, mbao huelekea asilimia 16, na zikielekea huko zinavimba. Msimu wa mvua wa Kampala, kuanzia Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, huzijaribu mbao kwa njia hiyo, hasa katika nyumba inayofungwa mchana kutwa. Fungua madirisha mvua ikikatika. Miezi ya kiangazi ukiona nyufa nyembamba kati ya mbao, usizijaze kitu, kwa sababu msimu wa mvua ukirudi mbao zitahitaji nafasi hiyo, na zikiikosa zitasukumana hadi ziinuke.

Mama wa Najjera

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimefanya majaribio yote matatu Jumamosi, watoto wakiwa watazamaji.

Sebuleni na katika njia ya jikoni tone lilikaa limejiviringa hadi nikachoka kulitazama. Karibu na mlango wa roshani tone lililokuwa juu ya ubao halikuzama, lakini lililogusa maungio lilitoweka humo ndani, na ukingo ukawa mweusi. Kitambaa chenye waiti spiriti kilitoka kahawia, tena kahawia nzito, nikaona aibu. Skatingi ilipobanduliwa tulikuta ni plaiwudi, na gamba la mwaloni juu yake ni la milimita 3. Fundi yule wa msasa alipoona rula alinyamaza kidogo, kisha akasema hata yeye alikuwa anafikiria tu.

Maji ya roshani nayo tumeyapata. Silikoni iliyozungushiwa kizingiti imepasuka, na mvua ikipigwa na upepo inaingia chini ya mlango bila kuonekana juu. Kwa hiyo si ndoo peke yake iliyonikosea, ingawa ndoo haina udhuru.

Sasa niambieni: polishi hii naitoaje katika sebule ya mita za mraba 40 hivi bila kuiharibu vanishi iliyo chini?

Fundi Sakafu, Ndeeba

Vizuri sana, mama. Umejiokolea sakafu, maana gamba la milimita 3 chini ya mashine ya kukodi ni mchezo wa kubahatisha.

Kwanza soma kopo la ile polishi. Kama imeandikwa nta, au ina harufu ya tapentaini, endelea na waiti spiriti. Kama ni maji meupe kama maziwa yanayokauka yakang'aa yenyewe, hiyo ni akriliki, na spiriti haitaiweza. Utahitaji dawa ya kuondolea polishi iliyoandikwa waziwazi kwamba inafaa kwa sakafu za mbao zilizopakwa vanishi kiwandani. Kwa kitambaa kilichotoka kahawia, naamini yako ni nta.

Fungua madirisha yote, zima sigiri na jiko la gesi, na watoto waende kwa shangazi. Gawa sebule katika vipande vya mita moja kwa moja na usihame kipande kabla hakijaisha. Lowesha kitambaa cha pamba kwa spiriti kiasi cha unyevu tu, usimwage kamwe sakafuni, sugua kufuata nyuzi za mbao, kisha ufute mara moja kwa kitambaa kikavu kabla nta iliyoyeyuka haijaganda tena. Fulana kuukuu za soko la Owino zinafaa kuliko chochote, ila ununue nyingi, kwa sababu kitambaa kikijaa nta kinarudisha kile ulichokitoa. Kwenye fereji tumia mswaki laini, au kitambaa kilichozungushiwa kijiti cha mianzi. Vitambaa vilivyotumika vitandaze nje, kila kimoja peke yake, hadi vikauke. Usivirundike ndani ya ndoo.

Spiriti ikikwisha kuruka, siku ya pili pitisha maikrofaiba yenye unyevu kidogo wa maji ya vuguvugu na ile sabuni aliyoitaja dada wa Entebbe, halafu nyingine ya maji matupu, halafu kavu. Hatua hiyo ni ya kuondoa utando wa sabuni ya unga, ambayo ni ya magadi na haikuwahi kusuuzwa. Ukimaliza utaona mng'ao wa zamani umerudi bila kupaka chochote. Mahali patakapobaki na mikwaruzo, usifanye neno kwa sasa. Ikifika siku vanishi imechoka kweli, iko kazi ya kuikwaruza kidogo tu juu na kupaka tabaka jipya linaloshika juu ya oksidi ya alumini, na hiyo haigusi mbao.

Mkazi wa Entebbe

Dada, na yule binti umemwambiaje? Wangu alikataa katakata. Aliniambia sakafu isiyoona maji ni sakafu iliyopakwa uvivu.

Mama wa Najjera

Wangu alinitazama vivyo hivyo. Nilimpa mita moja ya mraba aisafishe kwa njia ya Fundi, nyuma ya kochi, na iliyo pembeni yake tukaiacha ilivyo. Alipiga magoti akaitazama kwa ubavu kutoka usawa wa dirisha, akaniuliza ile ndoo nyekundu sasa ibaki ya vigae peke yake, nikamwambia ndiyo. Jana jioni alikuwa amemaliza vipande kumi na kimoja, na fulana tisa zimetandazwa kwenye ua kama kwamba tuna wageni wa harusi.

Silikoni ya kizingiti itabadilishwa wiki hii ikiwa mvua itatupa siku mbili kavu. Mbao zile sita nimeziwekea alama ya chaki ukutani, niupime mwinuko wake kwa rula kila mwisho wa mwezi, na sitazigusa hadi kiangazi cha Januari kipite. Katika stoo tumekuta boksi moja la mbao zilizobaki, lingali na kamba yake. Nimelitoa kwenye sakafu ya zege nikaliweka juu ya rafu.